Baina ya Chuo na Chuo Kikuu: Mwana Asubiri Mwaka, au Aende?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Kila ifikapo katikati ya mwaka, majina ya waliopangiwa nafasi za vyuo vikuu yanapotoka, baraza ya msikiti wetu hupata wageni wa namna moja. Ni wazazi walioshika simu mkononi, ndani yake mna ujumbe mfupi unaotaja jina la mtoto, somo alilopangiwa na chuo atakachokwenda. Baadhi yao huja kushukuru. Wengi huja kuuliza. Mwaka huu wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja wa mtaani, baada ya swala ya Alasiri, pamoja na binti yake aliyemaliza kidato cha nne.

"Shikamoo, sheikh."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, kaeni kitako."

"Sheikh, nimekuja unitolee fatwa," mama alianza hata kabla ya kuketi vyema. "Nyumba yangu imegawanyika mapande matatu."

Akaeleza. Binti yake alipata alama ya B katika mtihani wa KCSE, akapangiwa kusomea uuguzi katika chuo kikuu cha bara. Baba, ambaye ni mvuvi, anasema aende sasa hivi, kwani nafasi kama hiyo haipigi hodi mara mbili. Bibi yake anasema mtoto wa kike akae kwanza nyumbani, bara ni mbali na dunia imeharibika. Naye binti mwenyewe anaomba apewe mwaka mmoja akamilishe kuhifadhi Qur'ani, kwani ana juzuu 23 kifuani na zimebaki 7.

Mama alitaka nimjibu kwa neno moja: aende, au akae. Sikumjibu siku ile, na sababu ya kutomjibu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Wazee wetu walipiga methali kwa pande zote mbili. Walisema haraka haraka haina baraka, na ni hao hao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenye kutaka kukaa ana methali yake, na mwenye kutaka kwenda ana yake. Kwa hiyo mzazi anayetafuta hukumu katika methali atapata ile aliyokuwa nayo moyoni tangu mwanzo. Inatupasa tutafute mizani nyingine.

Neno moja, maana mbili

Sisi watu wa pwani tuna jambo ambalo wenzetu hawana. Mzee wa Mombasa au Lamu akisema mtoto "yuko chuoni", aghalabu anakusudia madrasa. Chuo kwetu kilikuwa mahali pa Qur'ani kabla ya kuwapo chuo kikuu chochote katika nchi hii. Basi familia yetu inapouliza mwana asubiri au aende, mara nyingi inauliza pia swali jingine lililojificha ndani yake: chuo kipi kitangulie? Wako wazazi wanaoogopa kwamba chuo kikuu kitakinyang'anya chuo kile cha kwanza kazi yake ya miaka kumi. Hofu hiyo si ya kudharauliwa.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kusubiri ni jambo geni lililoletwa na Wazungu. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayofuata katika mwambao huu, alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijria. Mama yake, mjane maskini, alimleta Makka akiwa mtoto mdogo, na wapokezi wanasimulia kwamba alihifadhi Qur'ani akiwa na miaka 7. Lakini kabla ya kwenda Madina kusoma kwa Imam Malik, alikwenda jangwani kukaa na kabila la Hudhayl, waliosifika kwa ufasaha wa Kiarabu. Huko alijifunza lugha yao, mashairi yao, na hata kulenga mshale. Mtu wa haraka angesema kijana yule alikuwa anapoteza wakati kwa mabedui. Kumbe alikuwa anatengeneza ulimi ambao baadaye aliufanyia kazi katika kila ukurasa wa fiqhi yake.

Na tusiende mbali. Hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwahimiza Waislamu wa pwani wasibaki nyuma katika elimu, na kwa ajili hiyo alitoa jarida la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Alifariki mwaka 1947, na mwanawe Ali alikuwa kijana wa miaka 14. Ali huyo alipofanya mtihani wa mwisho wa sekondari alipata daraja la tatu, na mlango wa Makerere ukafungwa mbele yake. Akaajiriwa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ile iliyojulikana kwa jina la MIOME, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Siku moja, katika sherehe ya Maulidi ya Mtume, alitoa hotuba mbele ya gavana wa Kenya wa wakati ule, Sir Philip Mitchell. Hotuba ile ndiyo iliyomfungulia njia ya ufadhili. Mwaka 1955 alikwenda Uingereza, akaanzia Huddersfield kumalizia masomo ya sekondari, kisha Manchester, kisha Columbia huko Marekani, kisha Oxford. Kufikia mwaka 1965 alikuwa profesa katika Makerere ile ile iliyomkataa.

Kisa hiki kinapendwa sana na vijana wanaotaka kukaa nyumbani. Nawaomba wakisome chote. Profesa Ali Mazrui hakuchagua kusubiri. Alisubirishwa na matokeo yake. Na miaka ile hakuilala. Alikuwa na kazi ya kuamkia, alikuwa akisoma, na alikuwa akisimama mbele ya watu kusema. Gavana alimkuta akiwa tayari. Tena tukumbuke kwamba si kila Maulidi gavana huhudhuria.

Mizani ya Nabii Musa

Nilipokuwa nikiwaza jambo la mama yule, nilikumbuka kisa cha Nabii Musa alayhis-salaam katika Suratul-Qasas. Alitoka Misri akikimbia, akafika Madyan hana nyumba wala kazi, na mzee wa mji ule akamwajiri kuchunga mifugo yake na kumwoza mmoja wa mabinti zake. Musa alikaa miaka mingi katika hali ambayo kwa macho ya dunia ilikuwa ni kusubiri tu, kabla ya kuitwa kwenye jukumu lake kubwa. Lakini angalieni masharti ya kusubiri kule. Kazi ilitajwa: kuchunga. Muda ulitajwa: miaka 8, na akipenda atimize 10. Na ahadi ilifungwa kwa kumfanya Allah kuwa shahidi juu yake.

Kazi, muda na ahadi. Mwaka wenye mambo hayo matatu ni mwaka wa mafunzo, hata kama haumo katika ratiba ya chuo kikuu chochote. Mwaka usio na hayo si mapumziko. Ni mlango ulioachwa wazi, na hakuna ajuaye nani ataingia.

Niliyokosea mimi

Nasema haya kwa sababu nimewahi kukosea. Miaka kadhaa nyuma alinijia baba mmoja akaniuliza juu ya binti yake aliyekuwa amefaulu. Mambo ya nyumbani yalikuwa yamemzonga, na nikamjibu kwa wepesi: "Mwache apumzike mwaka mmoja, dunia haikimbii." Sikumwuliza binti atafanya nini katika mwaka huo. Sikumwuliza atarudi lini. Sikumwuliza kama chuo kimeandikiwa barua.

Mwezi wa tatu yule binti alikuwa ndiye mpishi wa nyumba. Mwezi wa sita alikuwa mlezi wa wadogo zake, na mama yake akashindwa kufikiri nyumba itaendaje bila yeye. Nafasi ya chuo ilipotea kwa kuwa hakuna aliyeiomba ihifadhiwe. Mwaka wa pili akaposwa, akaolewa. Ndoa ni sunna na ni kheri, na wala sisikitikii ndoa yake. Wako mabinti wengi waliooana na kusoma pamoja, na Uislamu haukuviweka viwili hivyo katika vita. Kinachoniuma ni kwamba yeye hakuchagua hiki akaacha kile. Kimoja kilimponyoka kwa usahaulifu wetu sisi wakubwa, nami nikiwa mmojawao. Tukikutana hunisalimu kwa taadhima, na taadhima ile hunielemea.

Kwa mabinti zetu, hatari ya mwaka mtupu ni kazi za nyumba zisizokwisha. Kwa vijana wa kiume, hatari ni maskani. Kijana asiye na pa kwenda asubuhi atakwenda penye wenzake, na katika mitaa yetu penye wenzake pana muguka na pana mambo mabaya kuliko muguka. Wapo pia mawakala wanaowajia mabinti na kuwaambia: nenda Uarabuni mwaka mmoja, utarudi na karo yako. Wazazi waelewe kwamba mkataba wa kazi za nyumbani huko aghalabu ni wa miaka 2, si mmoja, na kwamba karo ya chuo haikuwa kamwe sehemu ya mkataba ule.

Haraka nayo ina majeruhi wake

Lakini ingekuwa dhulma kuutaja upande mmoja tu. Namjua kijana aliyesukumwa katika somo la uhandisi kwa sababu baba yake alipenda kumwita mhandisi mbele ya watu. Kijana mwenyewe hakuipenda hesabu tangu kidato cha pili. Alikwenda kwa utiifu, akarejea mwaka wa pili akiwa na deni, bila shahada, na akiwa na haya ya kumtazama baba yake. Mwaka mmoja wa kusubiri na kujichunguza ungaliwaokolea miaka miwili na fedha nyingi.

Vilevile wako watoto wanaomaliza sekondari wakiwa wamechoka kweli kweli, au wamefiwa, au nyumbani mna mgonjwa wa kuuguzwa. Mwenye udhuru ana udhuru. Sharia yetu ilimpunguzia msafiri swala na ikamruhusu mgonjwa kufungua. Seuze safari ya miaka minne ya masomo.

Mwaka ambao tayari wanao

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawalihesabu. Katika miaka ya karibuni mtihani wa KCSE humalizika Novemba, matokeo hutoka Januari, na wanafunzi wapya huripoti vyuo vikuu Agosti au Septemba. Hiyo ni miezi kama tisa. Wa umri wetu tunakumbuka wakati ambapo muda ulikuwa mrefu zaidi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda mrefu, mrundikano ukazaliwa, na kwa miaka mingi baadaye aliyefaulu alingoja hata karibu miaka miwili kabla ya kuingia darasani.

Kwa hiyo kila mtoto wa Kenya anayekwenda moja kwa moja chuo kikuu, kwa hakika haendi moja kwa moja. Ameshapewa mapumziko, ameshapewa faragha. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuusia tuzitumie neema tano kabla hazijatutoka, na miongoni mwazo ni ujana kabla ya uzee na faragha kabla ya shughuli. Swali la kwanza la mzazi basi lisiwe "tumpe mwaka?" bali "miezi tisa aliyopewa ilifanya nini?" Aliyeitumia kwa kujifunza kompyuta, kushona, kufundisha watoto wadogo madrasani au kuhifadhi, huyo anaweza kuaminiwa na mwaka mwingine ikihitajika. Aliyeilala yote, mwaka wa nyongeza utamlaza zaidi.

Nawaomba wazazi ambao watoto wao wako kidato cha nne hivi sasa waipange miezi hiyo kabla ya mtihani, si baada yake.

Hesabu ya kurasa

Siku ya pili mama na binti walirudi, na safari hii nilianza na binti.

"Mwanangu, msahafu unaosomea ni upi?"

"Ni ule wa Madina, sheikh."

"Una kurasa ngapi?"

"Mia sita na nne."

"Na kila juzuu?"

"Kama kurasa ishirini."

Tukahesabu pamoja. Juzuu 7 ni kurasa 140. Ukurasa mmoja kwa siku ni siku 140, nazo hazifiki miezi mitano. Ulikuwa mwanzo wa Julai, na kuripoti ni mwisho wa Agosti. Zilikuwapo siku kama 50, nazo ni kurasa 50. Zinabaki kurasa 90. Akienda chuo kikuu na kuhifadhi nusu ukurasa kila siku baada ya Alfajiri, ni siku 180, miezi sita. Kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza wa uuguzi angekuwa amekamilisha Qur'ani, maadamu hakuacha muraja'a, kwa sababu Mtume ametufahamisha kuwa Qur'ani humtoroka mwenye kuitelekeza upesi kuliko ngamia aliyefunguliwa kamba.

"Basi mwanangu," nikamwambia, "hesabu yako haihitaji mwaka. Mwaka huu unaouomba ni wa nini?"

Akainamisha kichwa. Mama yake akataka kumjibia, nikamwashiria amwache. Baada ya kitambo akasema kwa sauti ya chini:

"Nilimsikia mama akimwambia shangazi kwamba atauza bangili zake. Zile za mahari. Sitaki auze, sheikh. Nilidhani nikikaa mwaka mmoja, labda baba atapata kitu."

Mama yule hakusema neno. Alizivuta bangili zake ndani ya buibui kama mtu aliyefumaniwa.

Ndugu zangu, kwa siku mbili nyumba ile ilikuwa inajadili wakati, na kumbe jambo lilikuwa ni fedha, na mapenzi ya mtoto kwa mama yake. Binti alijificha nyuma ya Qur'ani, si kwa uongo, bali kwa sababu ndilo pazia pekee ambalo hakuna mtu nyumbani angethubutu kulivuta. Tangu siku ile nimejifunza kwamba anayesema "nataka kusubiri" na anayesema "mtoto asubiri" huwa na neno jingine ambalo bado hajalitamka, na kazi ya kwanza ya mashauriano ni kulitoa neno hilo kwa upole. Allah amewasifu waumini kwamba mambo yao huwa ni ya kushauriana baina yao, na katika mashauriano ya nyumba mtoto mwenye miaka 18 ni mmoja wa washauri.

Tuitaje hofu kwa jina lake

Hofu ikishatajwa jina, ndipo dawa yake hujulikana.

Ikiwa hofu ni fedha, jiulizeni: baada ya miezi 12 nyumba itakuwa na nini ambacho leo haina? Kama kuna jibu, kwa mfano deni linalomalizika, kakake anayehitimu, au kazi ya mshahara ambayo kijana mwenyewe ameshaipata, basi kusubiri kuna maana. Kama jibu ni "labda," basi mwaka ujao mtakuwa pale pale, na mtoto amekua mwaka mmoja. Ombeni basari ya kaunti na ya eneo bunge, tena mapema. Ulizeni kuhusu Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Mkopo wake wa kawaida huwa na nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka, na riba kwetu si jambo la kufumbiwa macho. Kwa hivyo iulizeni bodi yenyewe juu ya njia isiyo na riba, na muulizeni mwanachuoni mnayemwamini kabla ya kutia sahihi. Nao matajiri wetu wakumbuke kwamba familia inayouza mahari ya mama ili kulipa karo haiko mbali na mafungu ya zaka. Kumlipia binti kama huyu ni kuwawekea wanawake wa Kiislamu muuguzi wa kuwasitiri siku ya kujifungua.

Ikiwa hofu ni umbali, muda hautaipunguza. Bara itakuwa mbali mwaka ujao kama ilivyo leo. Tazameni kama inawezekana kuomba uhamisho kwa KUCCPS, wakati dirisha la uhamisho linapofunguliwa, kwenda chuo kilicho karibu. Tuna Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi hapa Mombasa, vilivyopata hati zao za chuo kikuu mwaka 2013. Na ikiwa ni lazima aende bara, baba au kakake ampeleke mwenyewe, aone malazi, auulize msikiti wa karibu, na amkabidhi binti yake kwa jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, ambayo vyuo vikuu vingi vya umma vinayo. Bibi yake binti hakuwa mjinga kuogopa. Alitaka tu kujua nani atamwangalia mjukuu wake.

Ikiwa hofu ni somo lenyewe, kwamba mtoto amepangiwa asilolitaka, hapo kusubiri kunaweza kuwa hekima kuliko kwenda. Lakini atumie mwaka huo kulikaribia analolitaka. Anayetaka ualimu afundishe, anayetaka biashara ashike daftari la duka, anayetaka uhandisi akae gereji au kwa fundi wa umeme.

Na ikiwa mmeamua asubiri, basi kunyamaza si kuahirisha. Kiandikieni chuo barua kabla ya siku ya kuripoti, kuomba nafasi ihifadhiwe, mkitaja sababu na mkiambatisha ushahidi. Msitosheke na ahadi ya mdomo. Takeni jibu la maandishi, na mliweke pamoja na hati ya kuzaliwa. Ulizeni pia nafasi ikihifadhiwa, ufadhili wa serikali utakuwaje. Kisha andikeni nyumbani karatasi ya pili: mtoto atafanya nini, atasoma kwa nani, atamaliza tarehe gani. Kila mwenye sauti katika nyumba aisikie ikisomwa, akiwemo bibi. Hiyo ndiyo kazi, muda na ahadi.

Kisha mwana mwenyewe aswali istikhara. Istikhara si ramli, wala haiji lazima kwa ndoto. Mtu hufanya uchunguzi wake, hushauriana, huelekea upande mmoja, kisha humwomba Mola wake auwepesishe kama una kheri na amwepushe nao kama hauna.

Yaliyokuwa

Baada ya siku kumi mama yule alipita barazani, safari hii peke yake. Walikaa wote, baba, bibi, shangazi na binti, wakazungumza hadi usiku. Baba alikuwa hajui habari ya bangili. Shangazi alijitolea kulipia malazi ya muhula wa kwanza. Maombi ya basari yamepelekwa. Bangili moja imeuzwa, na safari hii binti aliridhia, kwa sababu mama yake alimwambia kwamba mahari ni mali yake mwenyewe, na hakuna mahali ambapo angependa kuiweka zaidi ya pale. Binti ataripoti mwisho wa Agosti. Kila Jumamosi atamsomea ustadha wake kwa simu.

Msidhani kwamba hilo ni jibu la kila nyumba. Wiki hiyo hiyo alinijia kijana ambaye baba yake amepatwa na kiharusi, na yeye ndiye anayefungua duka kila asubuhi. Nilimshauri asubiri, na aliponiaga alikuwa anakwenda kuandika barua ya kuomba nafasi yake ihifadhiwe. Nyumba mbili, majibu mawili, na mizani ni ile ile.

Tunamwomba Allah awaongoze vijana wetu kwenye elimu yenye manufaa, chuoni na chuo kikuu, awabariki wazazi wanaojinyima kwa ajili yao, na atusamehe sisi tunaoulizwa tukajibu kwa haraka. Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.